Kata Isiyoachana

Atuganile, muuza makochi wa Keko, hakuwa na digrii, hakuwa na mjomba mahakamani, hakuwa na suti ya kumtisha karani, na tangu saa nne asubuhi hakuwa na wakili. Alimwachisha kazi mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la Kata ya Amani Tele, pale Wakili Brightson aliposimama, akafuta machozi, akatangaza kwamba mteja wake amesamehe yote.

"Nani kakutuma?"

"Hotuba ya mwenyekiti imenigusa, mama."

"Basi baki naye. Mie nitajisemea."

Na kweli hotuba ilikuwa nzito. Mwenyekiti Kasimiri alikuwa ametangaza rasmi kwamba, kwa mujibu wa mpango mkakati, katani kwake hakuna ndoa iliyowahi kushindikana. Utaratibu ni wa kitaalamu: wanandoa wanalishana keki kama siku ya harusi, wanapigwa picha, picha inakwenda wilayani. Suluhu imepatikana.

Atuganile alitaka hati moja tu, ya kusema usuluhishi umeshindikana. Bila hati hiyo mahakama haipokei shauri la talaka. Na bila talaka mumewe Rogers, aliyekwisha kuhamia Mbezi Beach kwa kimada wake Gladness, angeendelea kujibebea makochi dukani kwake bila kulipa, kwa cheo cha mume.

"Mlishe keki, mama," alisema mwenyekiti.

"Analishwa Mbezi Beach huyo."

"Mie nakula tu, mzee," alisema Rogers, mdomo tayari wazi.

Katibu wa baraza, Bi Tupokigwe, akaweka kalamu chini, akamgeukia mwenyekiti. "Kila siku keki naoka mie, kwenye picha unatokea wewe."

"Katibu, futa kauli."

"Sifuti. Na meza moja na wewe sikai tena."

Atuganile akainua sahani. "Waheshimiwa, utaratibu ni wenu. Lishaneni."

Katibu akafumba mdomo. Mwenyekiti akaficha mikono nyuma. Keki akaila Rogers.

Hapo mwenyekiti na katibu wakaazimia kuiandikia wilaya iwatenganishe. Lilikuwa azimio lao la kwanza lisilo na mpinzani.

"Wilaya itawakatalia," alisema Atuganile kwa upole. "Taarifa zenu zinasema hapa hakuna kinachoshindikana. Itawarudisha kwenye keki."

Mwenyekiti akakaa. "Sasa tufanyeje, dada?"

"Onyesheni kwamba kipo kinachoshindikana. Anzeni na kwangu, mie ndiye niliyetangulia kwenye foleni."

Katibu akaandika hati, mwenyekiti akagonga muhuri bila hotuba. Atuganile akaitia kwenye mkoba. Nakala yake ikaambatanishwa na barua ya wilayani kama kielelezo cha kwanza. Mwenyekiti akalamba gundi upande wa kulia wa bahasha, katibu akalamba wa kushoto, bila kutazamana, na bodaboda akaondoka nayo.