Makofi Alipotoka Chumbani

Jumatatu, 9 Juni

Mama mkwe, mkubwa wa nyumba hii na mmiliki wa kiti kinachofaa kuliko vyote. Mheshimiwa mke wangu, uliye jikoni na usiyejua kwamba unatambuliwa. Majirani, mliopo kwa sauti za redio zenu ukutani. Nami mwenyewe, mwandishi. Itifaki imezingatiwa. Mkeka ulio chini ya dirisha hautambuliwi leo. Mwenye nao hayupo.

Makofi amekufa. Alfajiri, usingizini, pua juu ya kiatu changu cha hafla. Mbwa mzee, kifo cha kistaarabu. Nilimpa jina hilo nilipoanza kazi ya usemaji wa hafla, ili makofi yasikosekane nyumbani hata siku yatakapokosekana ukumbini. Uamuzi wa busara. Siku hizo zilikuwa nyingi.

Mtu wa taaluma yangu hawezi kumzika wa kwake kimyakimya. Nikaingia chumbani kuandaa neno la mazishi. Nilikuwa bado kwenye salamu, ngazi ya majirani wa mkono wa kushoto, niliposikia koleo. Nikaongeza kasi. Nilipotoka na karatasi zangu, mke wangu na seremala wa jirani walikuwa wanashindilia udongo kando ya tangi la maji.

Nikauliza, kwa utulivu, ni nani aliyefungua shughuli. Mke wangu akasema aliyefungua ni jua. Lilikuwa linapanda, na maiti haingoji hotuba. Seremala akasema pole mzee, tulikugongea mlango, ukatujibu tuketi kwanza.

Ni kweli nilisema hivyo. Wageni huketi kwanza.

Makofi amezikwa bila neno. Nimevaa tai hadi jioni.

Jumanne, 10 Juni

Nimewasilisha hoja wakati wa chai ya asubuhi: Jumamosi alasiri, ua wa nyuma, hafla ya kumuaga marehemu. Nilijiandaa kwa upinzani. Haukutokea. Mama mkwe akasema mbwa yule alimsindikiza hadi kona kila asubuhi, akamngoja palepale, akarudi naye. Na kwamba wapo waliotoka tumboni mwake ambao hawajawahi kumfikisha hata getini. Mke wangu, aliyetoka tumboni humo, akatazama kikombe chake. Hoja ikapita.

Kisha pigo. Mke wangu akasema hoja hiyo aliitarajia tangu jana, na amekwisha kumwomba Dakika Mbili aje aseme.

Dakika Mbili ni msemaji mwenzangu, anakaa mtaa wa pili. Jina amepewa na watu kwa sababu hazidishi. Anasimama, anasema jambo moja, watu wanacheka au wanalia, anakaa, chakula kinaletwa kikiwa moto. Hiyo ndiyo anaiita kazi. Amenichukulia harusi, ubarikio, na kuagwa kwa mkuu wa shule, vyote vikiwa vyangu kwa haki ya ukongwe.

Nikamkumbusha mke wangu kwamba marehemu alikuwa mbwa wangu. Akasema ndiyo, na majirani ni majirani zake, na angependa wabaki hivyo. Akanirudisha kwenye harusi ya mpwa wake, ambapo bibi harusi alikwenda kubadili gauni, akarudi, akanikuta bado namtambulisha. Nikasema gauni la pili lilikuwa jepesi kuvaa.

Atakayemsemea Makofi ni mimi. Hakuna hotuba yangu hata moja iliyotoka nje ya nyumba hii kabla yeye hajaisikia. Nilisimama kwenye zulia, yeye akilala mkekani, kidevu juu ya miguu, akisikiliza. Kila nilipofika penye maneno mazito aliinuka polepole, akajinyoosha, akatoka chumbani. Hakuweza kuvumilia. Hapo ndipo nilipojua pamegusa, nami nikapapigia mstari. Yaliyobaki niliyafuta. Kwa njia hiyo, mwaka hadi mwaka, hotuba zangu zimebaki na sehemu zile tu zilizomtoa Makofi chumbani.

Dakika Mbili hana chombo cha namna hiyo. Anabahatisha.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwa Dakika Mbili. Suti ya kijivu, ile ya usuluhishi. Mpango: kumweleza kwa masikitiko kwamba hafla imesogezwa hadi Jumapili. Mpango mwepesi. Vyepesi ndivyo visivyozama.

Nilimkuta anapiga pasi shati. Akanipisha kiti. Kabla sijamaliza kuulizia afya ya nyumba yake, akasema kaka, usijichoshe na habari ya Jumapili. Shemeji kanipigia simu, kasema ukifika utakuja na Jumapili.

Nikacheka kama mtu aliyekuja kwa jambo jingine. Ikabidi niwe nalo. Nikamwomba aniazime pasi. Akaichomoa, akanipa, shati lake akalitundika nusu limenyooka nusu limekunjamana. Nimevuka mitaa na pasi ya mtu mkononi, ingali na moto, huku nikiwapungia majirani kwa mkono wa pili.

Lakini alisema neno pale mlangoni. Kwamba kila alipotoka kwenye hafla zake, Makofi alimpokea kona, akamfikisha hadi kizingiti, akahakikisha ameingia, ndipo akageuza kurudi kwangu. Miaka yote hiyo. Akasema siku ambazo mambo yalimwendea vibaya ukumbini, hakuwa na mtu mwingine wa kutembea naye. Akatazama pembeni alipolisema.

Sikujua. Mbwa wangu, na mshindani wangu. Nimelitafakari njia nzima. Bila shaka alikuwa akimpeleleza.

Alhamisi, 12 Juni

Hotuba imekamilika, haina wa kuipima. Nimetafuta sikio.

Mama mkwe alikubali. Alilala kwenye salamu, ila kwa heshima, mikono mapajani. Nikajaribu kumwamsha kwa kupandisha sauti. Akasema bila kufumbua macho: endelea baba, mimi nakusikia kwa mbali, ndiyo vizuri.

Nikaenda kwa seremala, nikaazima mbwa wake. Jike, rangi ya kahawia, vumbi la mbao masikioni. Nikamketisha. Si mkekani, kando ya mkeka. Nikamsomea yote.

Mbwa huyu alinitazama machoni mwanzo hadi mwisho. Hakuinuka, hakujinyoosha. Nilipofika pale ninapomfananisha marehemu na nguzo, taa na mlango kwa wakati mmoja, alitikisa mkia. Nikarudia pale, kwa huzuni zaidi. Akatikisa zaidi.

Mnyama asiye na hisia. Nimemrudisha kwa seremala nikampa pole. Seremala akauliza pole ya nini, mzee. Nikamwambia atakuja kuelewa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemweleza mke wangu tatizo langu la kitaalamu: sina wa kutoka chumbani. Alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini. Akaniambia mume wangu, keti.

Akasema Makofi alikuwa haguswi. Alikuwa anachoka. Alikuja jikoni kujinusuru, naye alimwonea huruma, akawa anamwekea mfupa nyuma ya mlango. Akasema kati yetu sote ni Makofi tu aliyekuwa na mahali pa kutokea.

Nikauliza kama upo ushahidi. Akafungua kabati la chini, akatoa kibakuli cha bati, kimebonyea, ukingo umeparuzwa na meno. Sijawahi kukiona. Nyumbani kwangu mwenyewe.

Kisha akasema jingine, ambalo nadhani hakukusudia kulisema. Kwamba kuna kitu kilikuwa kinamchoma kidogo. Mfupa ulipokwisha, Makofi hakukaa naye. Hata kidogo. Alilamba midomo akarudi kwako, mume wangu, akajilaza palepale, nawe ukiwa bado kwenye neno lilelile. Kila mara. Kama mtu aliyetoka kwenda kunywa maji. Akashika kisu chake, akaendelea kukata. Macho mekundu. Vitunguu.

Nimetoka hadi tangini, nikasimama hapo kwa muda.

Nimelipima suala hili kwa kina. Mbwa anayeuacha mlango wa jikoni na kuirudia hotuba ametoa hukumu. Hotuba imeushinda mfupa. Kuhusu kuchoka, huo ni wivu, nao ni wa kibinadamu. Nimeongeza kurasa.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika suti ikiwa bado mwilini.

Seremala alileta mabenchi, na kibao alichokichonga kwa hiari yake: jina tu, na chini ya jina alama ya unyayo. Majirani wakajaa ua mzima. Hatua yangu ya mwisho ya kimkakati ilikuwa kuweka kiti cha Dakika Mbili nyuma ya tangi, mahali ambapo mke wangu, mwita-wasemaji wa siku hiyo, hamwoni. Mke wangu akakibeba, akakirudisha mbele. Akamwita.

Dakika Mbili akasimama. Akatazama kibao, akanitazama mimi. Akasema ameitwa aseme, lakini mwenye msiba yupo na mdomo wake mzima. Yeye alisindikizwa tu, ila mbwa alikuwa anarudi kwa mwenyewe. Akakaa.

Watu wakapangusa macho. Hata hizo mbili hazikutimia. Kuna watu hawana aibu.

Nikasimama. Nikamtambua mama mkwe. Nikamtambua mke wangu. Majirani wa kulia, majirani wa kushoto, seremala na mbwa wake. Mke wangu akashusha pumzi na kukaza mikono kitini. Nikaingia kwenye hoja ya kwanza. Nguzo, taa na mlango. Hapo, kwa mazoea, nikanyamaza kidogo, nikatazama chini ili kumpisha apite.

Hapakuwa na wa kumpisha.

Nikangoja. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Karatasi ninazo, maneno yote yapo, kwa mwandiko wangu mzuri, na sikuweza kulisoma hata moja. Nikaisikia sauti yangu ikisema: hapa ndipo anapotoka. Halafu huwa anarudi.

Nikangoja tena kidogo. Kisha nikakaa.

Seremala alijifunika uso kwa kofia. Mama mkwe aliushika mkono wangu, akauweka mapajani mwake, hakuuachia hadi chai ilipokuja. Dakika Mbili alinijia, akaniambia kaka, kazi hii nimeifanya muda mrefu, ila leo umenifundisha. Mke wangu alihamisha kiti chake, akaketi kando yangu, bega kwa bega, mbele ya watu.

Chai ilikuwa moto. Sikumbuki kuinywa ikiwa moto baada ya hotuba yangu yoyote.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamka nikiwa na akili timamu. Tathmini.

Hotuba ilikatikia hoja ya kwanza. Watu walilia. Hoja zilizosalia ni nyingi na bora zaidi. Hitimisho analiona hata kipofu: ikiwa utangulizi peke yake umeliza mtaa, hotuba kamili itafanya nini? Nimemweleza mke wangu. Akanitazama kama jana, kwa upole, kisha polepole akarudia kunitazama kama kila siku. Akasema mume wangu, jana uliona mwenyewe kilichotokea. Nikasema ndiyo, na ndiyo sababu.

Tena lipo jipya. Mbwa wa seremala amekuja leo, bila kuitwa, akaketi palepale kando ya mkeka. Sikumkaribisha, sikumfukuza. Nikamsomea hoja ya pili. Katikati yake akainuka polepole, akajinyoosha, akatoka chumbani. Nikabaki nimeshika karatasi hewani. Kutoka jikoni nikasikia kibakuli cha bati kikiburuzwa sakafuni, na mke wangu akinong'ona na mtu.

Nikapapigia mstari. Kumbe anazo hisia. Alihitaji malezi tu.

Nikaendelea kusoma, polepole, bila kugeuza ukurasa. Baada ya muda nikasikia kucha sakafuni. Akarudi. Akalala.

Basi, waheshimiwa, kwa heshima na kwa mamlaka ya msiba, mkutano huu unaarifiwa kwamba hafla ya jana haikufungwa; iliahirishwa. Wote waliohudhuria watarejea Jumamosi ijayo, mabenchi yaleyale, kusikiliza sehemu iliyosalia. Mama mkwe atakuja na mto wake. Dakika Mbili ataketi nyuma ya tangi, na atarudishiwa pasi yake mbele ya mashahidi. Mlango wa jikoni utaachwa wazi na kibakuli kitawekwa mahali pake, ili yeyote atakayeguswa apate pa kwenda, na njia ya kurudia.