Darubini ya Kuanikia Mahindi

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Kiminini.

Mahindi yote yamepukuchuliwa. Yako uani juu ya turubai, na hakuna pa kukanyaga. Nimepima kwa hatua: ua wetu ni hatua tisa kwa sita. Turubai limekula karibu zote. Pembeni ya choo zimebaki hatua mbili kwa mbili, na hapo kuku wamejitangazia makao.

Asubuhi watu wanane wamepita langoni kwetu bila kugeuza shingo. Wote walikuwa wanakwenda kwa jirani yetu Kemboi kuuliza lile swali la kila siku: tuanike? Kemboi hana kifaa chochote. Anamtazama ng'ombe wake mweusi, anatazama Mlima Elgon, anakuna kidevu, kisha anasema anikeni au msianike. Mtaa mzima unatii. Hata mke wangu Mwihaki huchungulia kwanza kama turubai la Kemboi liko wazi ndipo afungue letu.

Mimi nimefanya kazi ya upimaji ardhi miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kushika fimbo upande wa mbali. Aliyechungulia kwenye mashine alikuwa mtu mwingine, siku zote. Sikupewa nafasi hata mara moja. Nimestaafu na bado inaniuma.

Uamuzi: nanunua darubini. Mvua ya hapa hutoka mlimani. Nitaiona ikifunga safari. Watakuja kuniuliza mimi.

Bajeti: elfu nane. Ziko ndani ya gamubuti la kushoto.

Jumanne, 4 Novemba

Kitale. Nimeingia kwa Aziz, anayeuza simu na redio karibu na msikiti. Ana darubini moja ndefu kama bomba la maji, miguu mitatu myembamba, na boksi limeandikwa "MARA 525" kwa rangi nyekundu. Nilikuwa nimeshatoa pesa. Aziz akanizuia. Mfanyabiashara wa ajabu. Akasema, mzee wangu, hiyo namba ni ya kufurahisha watoto. Angalia upana wa mdomo, maana mdomo ndio unaokusanya mwanga, na huu ni mdomo wa kikombe cha kahawa. Kisha akaigusa kwa kidole. Ikatetemeka mpaka akamaliza kuhudumia wateja wawili.

Akauliza nataka kutazama nini. Nikasema mawingu. Basi akaniletea ile ya macho mawili, ya kuning'iniza shingoni, nusu ya bajeti yangu. Si hii inatosha, akasema, ni nyepesi na kitu unakiona vile kilivyo. Nikakataa kwa heshima. Ya macho mawili ni ya watalii wanaotazama ndege. Hakuna mtu atamwendea mtalii kumuuliza kama aanike.

Halafu ile ndefu isingeenea uani. Ingebidi nisimame ndani ya choo.

Jumatano, 5 Novemba

Bungoma. Aziz ndiye aliyenielekeza kwa Nasike, mwalimu wa sayansi aliyeacha kufundisha na sasa anauza vyombo vyake. Darubini yake ni fupi na nene, kama mtungi mdogo wa gesi. Haina miguu. Inakaa juu ya kitako kinachozunguka, unaiweka mezani tu. Mdomo wake ni sentimita kumi na moja. Inaingia ndani ya kiondo! Nilijua hii ndiyo.

Nasike akaielekeza dirishani, kwenye tangi la maji la jirani yake. Nikachungulia. Tangi lilikuwa limesimama kichwa chini. Nasike akasema usishtuke, hizi za nyota ndivyo zilivyo, zinapindua. "Mzee, nyota si haina juu na chini? Basi hakuna shida." Nikamwambia wingu nalo halina kichwa wala miguu, kwa hivyo tumeelewana. Akaanza kunieleza habari za kushoto na kulia. Mtu wa pikipiki alikuwa ananipigia honi nje, na mimi nilikuwa nimetosheka na somo. Nikalipa, nikaondoka.

Jioni Mwihaki akauliza ni nini hicho kwenye kiondo chake. Nikasema kifaa cha mahindi. Akauliza kama kinakausha. Nikasema, kwa namna fulani. Ikabidi nimweleze habari ya mvua. Akasema kama kitasaidia mahindi yakauke, sawa. Rosaline, mnunuzi wa Bungoma, anakuja na lori Alhamisi ya wiki ijayo, na binti yetu Tabby akikosa karo ya Januari anarudi nyumbani kutoka chuoni. Hakuuliza bei. Nilijisikia vibaya kwa kama dakika mbili.

Ijumaa, 7 Novemba

Kuku wamehamishwa. Hawakuridhika. Darubini iko juu ya pipa lililofudikizwa, na mimi niko juu ya kiti cha Mwihaki cha kupikia.

Mlima unaonekana katikati ya mparachichi wa jirani yetu mwingine, Ngige, na paa la Kemboi. Nilianza na Kemboi. Nyumba yake imesimama juu ya bati lake, na ng'ombe mweusi ananing'inia miguu juu. Nilitazama kwa nusu saa. Nilifurahi kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu.

Kisha mawingu. Safi ajabu. Nimeandika kanuni kwenye daftari: mkono wa kushoto ni Uganda, mkono wa kulia ni Kitale na sisi. Wingu likienda kushoto, anika. Likienda kulia, anua.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya ibada nilisimama mlangoni mwa kanisa na kugusia jambo hilo kwa mbali, kwa watu kumi na wanne. Ngige alishangaa waziwazi. "Ati unaona mvua ikiwa bado iko mlimani? Wacha, bana." Akanishika mkono. Akasema mtaa umepata mtu.

Alasiri nikamwona kwenye darubini akienda kwa Kemboi kuuliza habari ya kesho. Alitembea kwa kichwa njia nzima.

Jumatatu, 10 Novemba

Kemboi alisema kufikia saa saba kila mtu awe ameanua. Mimi nikachungulia: wingu linakwenda kushoto, polepole, bila haraka yoyote. Nikamwambia Mwihaki aache mahindi. Alinitazama, akatazama turubai la Kemboi, akafunika.

Mvua ilinyesha juu huko njia ya Kitale. Hapa yalianguka matone matatu. Nimeyahesabu. Mimi moja, Kemboi sifuri. Nilipita langoni kwake mara nne bila sababu. Alinisalimia vizuri kila mara, jambo ambalo liliniudhi.

Jumanne, 11 Novemba



Saa mbili asubuhi Mwihaki alitoka nje, akasimama kando ya pipa, mikono imejaa kamba za turubai. Hakutazama kwa Kemboi. Aliniuliza mimi. "Baba Tabby, tuanike?"

Miaka ishirini na miwili nimeshika fimbo. Nilichungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu macho yalikuwa na maji na nilikuwa sioni kitu. Nikasema anika. Akaanika. Jua likawaka mpaka jioni.

Chai yangu ilipoa na sikujali.

Jumatano, 12 Novemba

Saa nne Kemboi alisema anueni kufikia saa saba. Ng'ombe amekataa kulala, eti. Nikachungulia. Wingu kubwa, jeusi, zuri, linakwenda kushoto kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli Uganda. Nikamwambia Mwihaki kesho ni Rosaline, mahindi yaendelee kula jua mpaka dakika ya mwisho.

Saa nane kasoro dakika kumi bado nilikuwa nachungulia. Wingu bado linakwenda kushoto. Tone la kwanza likanipiga kisogoni.

Mtaa mzima ulikuwa umefunika isipokuwa sisi. Mwihaki alitoka mbio na upande mmoja wa turubai, mimi nikashika mwingine, lakini mahindi yalikuwa yameshaelea. Kemboi aliruka ua na turubai lake mwenyewe. Ngige akaja na karai. Mahindi yalikuwa yanasafiri kuelekea chooni na sisi tunayakimbiza kwa mikono, na kuku wanakula.

Mvua ilipokatika Kemboi aliniuliza, kwa upole, kama sikuinua kichwa kutazama kwa macho tu. Sikuinua. Mwenye kifaa hainui kichwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Rosaline alifika saa tatu. Akachomeka kipima unyevu kwenye gunia la kwanza, akakitoa, akakipangusa, akachomeka tena. Akasema, "Mama, hii si mahindi, hii ni uji inasubiri moto." Akapakia ya Kemboi. Akapakia ya Ngige. Akasema atarudi Jumamosi ya wiki ijayo, na kama yameota asipigiwe simu.

Nilingoja Mwihaki anifokee. Nilikuwa nimetayarisha majibu matatu. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti chake cha kupikia na kuanza kuchambua mahindi yaliyovimba, moja moja. Ndipo akaniambia, bila kuinua macho, kwamba jana saa sita Nasambu wa nyumba ya tatu alikuja langoni kumwambia afunike, maana kila mtu amefunika. Na yeye akamjibu, mbele ya wanawake wote waliokuwa pale, kwamba mume wake ameshatazama.

Sikupata pa kuweka uso. Yale majibu matatu yalipotea yote.

Nimekwenda kugeuza mahindi kwa miguu, mara moja kila nusu saa, mpaka giza. Sikugusa darubini.

Jumamosi, 15 Novemba

Jua kali siku mbili mfululizo. Mahindi yanaitika. Mwihaki anasema tukiwa makini yatamfikia Rosaline yakiwa makavu. Asubuhi alimuuliza Kemboi.

Kisha, akingoja chai ichemke, alikaa mbele ya pipa na kuchungulia. Mara ya kwanza. Pikipiki ilipita barabarani ikielekea Kitale. Akainua kichwa, akaitazama kwa macho, akainama tena. Akangoja nyingine. Akasema, "Baba Tabby, hii kitu inapeleka watu Kitale kupitia Webuye." Inageuza kushoto kuwa kulia, akasema. Ilimchukua muda wa sufuria moja ya chai. Nikamwambia najua. Akaniuliza nilijua tangu lini. Nikaenda kugeuza mahindi.

Akasema tuiuze, tununue kwa Aziz ile ya macho mawili, ama tumuulize tu Kemboi kama watu wengine. Alisema vizuri, bila kisasi. Nimefikiria maneno yake kwa makini siku nzima, nikitembea juu ya mahindi, na nakubali kwamba nilikosea. Nilikosea sana. Mke amesimama langoni, mbele ya wanawake wa mtaa, akaweka karo ya mtoto wake juu ya neno langu. Watu hutafuta mke wa namna hiyo maisha yao yote. Na mimi nikamtazamia mvua kwa kitu kinachoingia ndani ya kiondo!

Mdomo wa sentimita kumi na moja. Aibu yangu.

Nimempigia Nasike. Anayo nyingine, ya sentimita ishirini, iliyokuwa ya shule. Nayo inapindua, lakini anasema inapindua kwa ubora zaidi. Rosaline akishapakia Jumamosi ijayo nitaomba nafasi kwenye lori mpaka Bungoma.

Jioni nimemwambia Mwihaki kuna jambo jema linakuja, la kumshukuru. Uso wake ulibadilika kabisa, nikaona yule msichana niliyemwoa. Akauliza kama ni turubai la pili. Nikamwambia ni kubwa kuliko turubai.