Ombi la Kuandikwa "Mke wa Struan" kwenye Safu ya Kazi

Mtaa wa Bandarini,
Portlennan,
Pwani ya Moray.
Alhamisi.

Kwa Bi. Wilhelmina Reid,
Msajili wa Ndoa, Portlennan.

Mheshimiwa Msajili,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba kidole ulichokibana kwenye droo siku ya harusi yetu kimepona. Mimi ni mzima kupita kiasi. Tangu uniunganishe na Struan Flett, fundi wa mitambo ya umeme wa upepo kule baharini, naamka kabla ya kengele ili nimtazame akilala. Hata akikoroma naona kama anataja jina langu.

Pamoja na furaha hiyo, nina malalamiko. Utakumbuka kwamba ulipokuwa ukijaza karatasi zetu uliniuliza kazi yangu, nami nikajibu bila kusita: "Mke wa Struan." Ukashusha miwani, ukaniambia, "Dada, hiyo si kazi, hiyo ni hali. Na bado hujaifikia." Kisha ukaandika: Mhudumu wa mapokezi, kliniki ya meno.

Sikubisha, kwa sababu Struan alikuwa amenishika mkono na sikutaka auachie. Sasa mkono uko huru, na naomba uisahihishe safu hiyo. Miaka mia ijayo kitukuu wangu atafungua kumbukumbu zako kunitafuta, kama mimi nilivyowatafuta watu wa Struan. Atajua kwamba nilipokea simu za watu wenye meno mabovu. Hatajua kwamba nilipenda. Hilo linaniuma kuliko jino lolote lililowahi kupita kwenye meza yangu.

Hoja zangu ni hizi:

1. Katika sensa ya mwaka 1881, kwenye mtaa huu huu tunaoishi, yumo Elspet Flett, bibi mkuu wa ukoo wa Struan. Mumewe ameandikwa mvuvi. Na Elspet, kwenye safu ya kazi, hakuwekewa mstari mtupu kama wanawake wa kwingine. Ameandikwa: Mke wa mvuvi. Nililia pale pale maktaba, mpaka mama wa maktaba akaniletea karatasi laini na kuniomba kwa heshima nisilowanishe mashine ya kusomea kumbukumbu. Fikiria, Mheshimiwa, serikali nzima ilimtuma mtu na wino, agonge mlango wa Elspet, amuulize anafanya nini hapa duniani, na Elspet akajibu kwamba yeye ni wa mtu fulani. Sijawahi kusoma maneno matamu kuliko hayo.

2. Unasema hali si kazi. Katika sensa hiyo hiyo, upande wa ukoo wetu wa Dalgleish, yumo bibi aitwaye Grizel. Kazi yake: Maskini, zamani mfumaji. Umaskini uliajiriwa lini? Ingawa nakubali kwamba hauna likizo.

3. Mtoto wa Elspet, Gilbert, mwenye umri wa miaka mitano, ameandikwa kazi yake: Msomi. Bibi Ishbel, ambaye ni bibi yake Struan, aliwahi kumwona Gilbert akiwa mzee sana, na anasema usomi wenyewe ulikuwa wa kushika gazeti kichwa chini miguu juu. Kama mtoto wa miaka mitano anayelamba kamasi ni msomi kwa mujibu wa serikali, mimi niliyempenda Struan tangu siku alipoleta kliniki jino lililovunjika siwezi kunyimwa cheo changu.

4. Kwa kuwa basi ni kazi, ina masharti yake. Nimemjulisha daktari wa meno kwamba nina ajira nyingine na sitaweza kuja Jumamosi. Akaniuliza mwajiri wangu ni nani. Nikamwonyesha picha, ile ya Struan akiwa na kofia ya kazini, mabega yake yamejaza mlango mzima. Akaniuliza kama mwajiri huyo analipa. Nikamjibu kwamba analipa kwa namna ambayo siwezi kuieleza mbele ya wagonjwa. Kwa hiyo naomba pia uongeze kwenye kumbukumbu mahali pangu pa kazi: Nyumbani, na popote Struan alipo.

5. Hii ndiyo hoja yangu kubwa. Jumapili nilikwenda kwa Bibi Ishbel nikiwa na nakala ya sensa, nikitaka anisimulie mapenzi ya Elspet. Alikuwa anamenya viazi. Aliisoma, akacheka mpaka kisu kikaanguka.

Alinieleza kwamba makarani wa sensa hawakuwa watu wa mapenzi. Waliandika hivyo kwa sababu bila mke mvuvi hakwenda popote. Mke ndiye aliyeokota kome kwenye baridi, akawatoa maganda, akawatunga kama chambo kwenye kila ndoana ya kamba ndefu. Mke ndiye aliyebeba kapu la samaki mgongoni mpaka mashambani kuuza. Na asubuhi, kabla ya boti kuondoka, mke alifunga sketi kiunoni, akamweka mumewe mgongoni, akaingia naye majini mpaka kwenye boti, ili mwanamume asianze siku na soksi mbichi.

"Hayo ndiyo yaliyoandikwa hapo, mwanangu," alisema. "Kubeba. Mapenzi yalikuja baadaye, kama mgongo ulibaki."

Nilimwambia kwamba kumbeba mume mgongoni ndiyo mapenzi yenyewe. Akaniangalia mabega, akarudi kwenye viazi.

Mheshimiwa, sasa huna pa kutokea. Kazi ipo, ina historia, na mimi niko tayari kuifanya. Jumamosi hii klabu ya makasia ya kijiji inashusha boti pale mchangani, na Struan ni mmoja wa wapiga makasia. Nitambeba mgongoni mpaka kwenye boti, akiwa mkavu, mbele ya kijiji kizima. Kwa kuwa wewe ndiye mshika usukani wa boti hiyo, utakuwa shahidi bila kuongeza safari. Jumatatu nitakuja ofisini kuona safu yangu imesahihishwa.

Msalimie sana mzee wako na yule mbwa wenu anayemchukia mleta posta. Msalimie kijana wa mlangoni aliyetuazima kalamu, nasi tukaondoka nayo kwa furaha. Struan anaitumia kuniandikia vikaratasi kwenye jokofu. Wasalimie wote waliooa na kuolewa kwa mkono wako, na ambao bado uwaambie wasichelewe.

Wako katika utii na mapenzi (mapenzi ni ya Struan, utii ni wako),

Morven Flett,
zamani Dalgleish.

Nyongeza, Jumamosi jioni:

Sikuiposti barua hii mapema, na sasa sina haja ya kukueleza kilichotokea, kwa kuwa ulikuwa umeshika usukani na uliona vizuri kuliko mimi niliyekuwa chini ya maji. Naomba tu iandikwe kwamba nilifika mpaka pale maji yanapogusa goti. Struan alikuwa ameniambia sikioni, "Ukichoka, mpenzi, sema." Nilisema, lakini yalitoka mapovu.

Nasikia Bibi Ishbel alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake pale ufukweni, "Mwachie huyo, Elspet hakuolewa na kabati!" Nasikia pia kwamba uliwazuia wengine wasicheke mpaka nitoe kichwa. Ahsante.

Kwa hiyo naondoa malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza. Safu yangu iache ilivyo. Jumatatu nitakuwa kliniki, nimekaa kwenye kiti kikavu, napokea simu.

Ila kama kuna nafasi, sahihisha safu ya Struan. Boti ilikwenda bila yeye. Alinibeba mgongoni kutoka majini, akapandisha nami kilima chote mpaka nyumbani, akanivua viatu, akapika supu ya haddock, samaki wa kukaushwa kwa moshi, na sasa anaanika soksi zangu. Mwandikie: Mume wa mhudumu wa mapokezi.