Nilivyokufa Mara Tatu kwa Ajili ya Virtudes

Jumatatu, 2 Mei 1966

Sijanyoa mtu tangu Alhamisi. Waitaliano wamekuja kijijini kwetu Tabernas na kamera zao, na kila mwanamume mwenye kidevu anafuga ndevu apate kuwa jambazi. Mimi ndiye kinyozi. Nimekaa na wembe mkononi nikiwatazama nzi.

Filamu yenyewe inahusu mtu anayewinda majambazi huko Marekani. Kila kichwa kina zawadi yake. Vilima ni vyetu, vya Hispania, lakini tumeambiwa tusiseme.

Leo nimekwenda kwa Virtudes, mwenye tanuri la mikate. Nimemchumbia miaka tisa, si haba. Nikamwambia mwaka huu tufunge ndoa. Akaendelea kukanda unga. Akasema hajawahi kuniona nikimaliza jambo lolote, hata ukuta wa banda la kuku umesimama nusu, mwaka wa nne huu. Halafu akatamka mbele ya wateja: nijiandikishe kwenye hiyo filamu, na siku itakapoonyeshwa hapa kijijini anione humo hadi mwisho. Akiniona, twende kwa padri. Asiponiona, atampa Eladio jibu la posa yake.

Eladio! Dereva wa lori la maji! Alikuwepo, anakula mkate wa bure, akacheka hadi makombo yakamtoka puani.

Nimejiandikisha. Jambazi namba kumi na moja. Kwa kuwa sina ndevu, nimebandikwa za manyoya ya mbuzi. Zanipendeza sana.

Jumatano, 4 Mei

Nimekufa.

Siku ya kwanza tu! Saa tatu nimefika, saa nne marehemu. Mwindaji, Mmarekani mrefu asiyecheka, alinikuta nyuma ya kisima. Mwongozaji alisema nimwombe anihurumie. Niombe kwa maneno gani? Yoyote, akasema, sauti zitatiwa baadaye huko Roma. Kweli, Mmarekani mwenyewe alikuwa akihesabu tu, moja hadi ishirini, kwa sura ya hasira. Basi nikapiga magoti nikamsomea sala ya Salamu Malkia yote, kwa machozi. Bado sijafika “bonde hili la machozi”, pa! Nikaanguka.

Wakaniacha hapo juani saa nzima wakipiga picha za farasi. Nikapitiwa na usingizi. Wenzangu wanasema nilikoroma hadi farasi wakageuza masikio. Haidhuru, si sauti hazinaswi? Tumbo tu ndilo lilikuwa likipanda na kushuka. Mwongozaji hakuona, amenisifu kwamba ninajua kulala kama maiti.

Kisha likaja pigo. Kuna mwanamke mwenye daftari, Bibi Ornella, kazi yake kuandika nani kavaa nini na nani yu hai, filamu isije ikajipinga yenyewe. Akapiga mstari kwenye jina langu. Akaniambia kwa upole kabisa: “Baba, wewe umeshakufa. Nenda nyumbani.”

Nyumbani! Na filamu ina siku nane mbele! Eladio alipita na lori lake akanipungia mkono, akauliza mazishi ni saa ngapi.

Ijumaa, 6 Mei

Kufa kufaana. Marehemu mmoja amempisha mwingine: nimerudi na ndevu nyekundu. Nimezikata kutoka kwa mbuzi wa dada yangu, gundi ya fundi viatu. Kofia nimeivuta hadi puani. Bibi Ornella aliniuliza jina. Nikatunga: Perfecto. Akaniandika! Loo, akili ninazo.

Nilipangwa juu ya paa la hoteli, hoteli ambayo ni ubao wa mbele tu, nyuma hamna kitu. Nilikusudia kupigana muda mrefu, nijifiche nyuma ya bomba la moshi, nidumu hadi Alhamisi. Bomba lilikuwa la karatasi. Nililiegemea tu, likaenda nami. Nikaanguka kwenye majani makavu kabla Mmarekani hajachomoa bastola. Mwongozaji akapiga kelele kwamba ni vizuri, inatosha, huyo amekufa.

Mara ya pili!

Cha kunifurahisha: wakati ule ule Eladio alikatiza kule nyuma na lori lake, vumbi mlima mzima. Lori, mwaka elfu moja mia nane na sabini! Bibi Ornella alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwongozaji akasema jua linazama, hatupigi tena, watu watadhani ni upepo. Eladio sasa anatembea kijiji kizima akisema naye yumo.

Nikafika nyumbani kuvua shati ndipo nikaona. Saa yangu ya mkononi! Jambazi mzima wa jangwani kafa na saa inayong’aa. Nimecheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Jumapili, 8 Mei

Misa. Kila mtu mlangoni ananisalimu: “Marehemu, umeamkaje?” Padri mwenyewe akauliza kama nimekuja kwa miguu yangu.

Virtudes akanipa mkate wa moto. Akauliza kama filamu imekwisha. Nikasema bado. Akauliza kama mimi nimekwisha. Nikasema kwa kiasi fulani. Aligeuka upesi kutazama tanuri, lakini mabega yalikuwa yakitikisika. Nikaenda zangu na mkate, moyo umetulia kabisa. Mtu anayechekwa hajasahauliwa.

Jumanne, 10 Mei

Mara ya tatu. Ndevu nyeusi, juu ya farasi. Jua la leo halikuwa na utani. Gundi ikayeyuka. Nikija mbio nikipiga risasi hewani, ndevu zikashuka shavu moja, zikaning’inia sikioni, nikafyatuliwa risasi nikaanguka. Farasi akaendelea na ndevu zangu shingoni mwake.

Bibi Ornella hakuhitaji daftari. Alinishika sikio mbele ya watu sitini. Akasema mwindaji amelipwa zawadi mara tatu kwa kichwa kimoja, na kwamba miaka kumi na tano ya kazi hii hajapata kukutana na maiti mkaidi kama mimi. Nimefukuzwa. Akaahidi kwamba akiona ndevu zangu tena ataniitia polisi wa kweli.

Akiona ndevu zangu. Hivyo ndivyo alivyosema.

Alhamisi, 12 Mei

Siku ya mwisho ya kazi. Nimejinyoa mara mbili. Aproni yangu nyeupe, wembe wangu, sabuni yangu. Kwenye mji wao wa mbao wa filamu kuna duka la kinyozi, mlango tu na kibao. Nikasimama mlangoni pale kama aliyezaliwa pale.

Bibi Ornella alipita akaniangalia usoni. “Habari za asubuhi, bwana,” akasema. Bwana!

Nikamkalisha mzee mmoja wa kijijini nikampaka sabuni. Mwongozaji akapendezwa, akasema niendelee. Mmarekani akapita na farasi polepole, anaondoka mjini. Kwisha! Nimo hadi mwisho! Nimekunywa glasi tatu za mvinyo nikambusu mzee na sabuni yake.

Jumapili, 16 Julai 1967

Hatimaye filamu imefika! Sinema ya uwanjani, ukuta uliopakwa chokaa, kila mtu na kiti chake na mbegu za alizeti. Virtudes alikaa katikati, mimi kulia, Eladio kushoto.

Nilipouawa mara ya kwanza kijiji kizima kilishangilia. Salamu Malkia yangu wameitia sauti nyembamba ya bata. Mara ya pili wakapiga kelele: “Kafa tena! Na saa yake!” Lori likapita, Eladio akasimama akasema vumbi lile ni lake. Mara ya tatu watu walianguka chini ya viti kwa kicheko.

Kisha mwisho. Nikashika pumzi. Mmarekani anapita, uso wake umejaa ukuta mzima, na nyuma yake... mkono. Mkono wangu tu, na wembe, na shavu lenye sabuni. Uso wangu wameukata! Eladio akapiga makofi, akasema mikono wanayo wengi.

Virtudes alikuwa amelowa machozi kwa kucheka. Akamwambia Eladio anyamaze. Akasema mikono hiyo imeegemea meza yake ya mikate miaka kumi, ataijua hata gizani. Na mtu aliyekubali kuuawa mara tatu ili asivunje ahadi, hata kama ni mpumbavu, ni mpumbavu wake. Twende kwa padri.

Usingizi hauji kwa furaha.

Ijumaa, 11 Agosti 1967

Kesho ninaoa. Saa nne asubuhi. Suti imepigwa pasi, mkate wa harusi mkubwa kama gurudumu.

Kampuni nyingine imefika leo, wanahitaji mtu wa kunyongwa. Mmoja tu, sura peke yake, karibu kabisa na kamera! Kesho, kule jangwani. Nimepiga hesabu. Saa moja ninapandishwa jukwaani, saa mbili nimekata roho, saa tatu ninaoga. Virtudes hana haja ya kujua.

Usafiri ndio ulikuwa tatizo, kilomita ni nyingi. Lakini Eladio amejitolea kunipeleka na kunirudisha mwenyewe kwa lori lake. Kaniapia kwa mama yake, huku akitabasamu. Nilimdhania vibaya miaka yote hii, kumbe ana roho nzuri sana.