Nguo za Usiku wa Nahodha

Jumanne, 4 Agosti

Siku mbili kabla ya kupanda meli. Leo nimetangaza mezani, mbele ya mashahidi: katika safari hii mama watoto hatashika sindano, hatafunga kifungo, hatainua hata soksi. Miezi mitatu iliyopita alikuwa amelazwa, tumbo limepasuliwa, nami nje ya mlango nahesabu vigae vya ukutani. Leo anatembea, anakula, ananigombeza. Mungu apewe nini zaidi? Watoto nitawavisha mimi.

Mama mkwe alinitazama juu ya miwani. Ni mkunga mstaafu, na ndiye anayetupeleka sote, kwa furaha ya binti yake kupona. Akasema, "Haya, mwanangu." Sauti ile ile, nadhani, aliyowaambia wanawake wengi kwamba haitauma.

Melini kuna Usiku wa Nahodha mara mbili. Suti, gauni, viatu vya kung'aa, watoto nao vilevile. Siogopi. Mimi ni fundi saa. Anayerudisha springi nyembamba kama unywele ndani ya saa ya kike atashindwaje na mtoto?

Kikwazo kimoja tu: suti ya mwanangu wa kiume. Ana miaka kumi na miwili na tunamwita Mwanzi. Suti niliinunua mwezi wa nne, na tangu hapo mtoto ameota. Suruali inamwishia juu ya kifundo cha mguu, kama mtu anayejiandaa kuvuka mto. Nimefumua pindo, nimeliteremsha, nimelibandika kwa gundi. Uzi wa nini, zama hizi!

Kijitabu cha safari kinasema pasi haziruhusiwi vyumbani. Vijitabu husema mengi. Yangu nimeitia ndani ya buti la mvua.

Alhamisi, 6 Agosti

Tumo melini! Chumba kidogo lakini kisafi, vitanda vinakunjuka kutoka ukutani. Kitinda mimba wetu, miaka mitano, amekwisha kukipanda cha juu kabisa na kutoa amri. Ndiyo maana anaitwa Kamanda.

Pasi imekamatwa. Mwanamke wa ulinzi aliivuta kutoka kwenye buti mbele ya foleni nzima, akaniuliza kama huko kwetu mvua hunyesha moto. Foleni ikacheka. Mama mkwe akatazama dari. Nikatia sahihi kwenye daftari, na pasi yangu ikawekwa rafuni pamoja na nyingine kumi na moja. Nilifarijika kidogo. Si peke yangu niliye na maono.

Aliyenikera ni Bwana Pasi. Huyu ni mume wa shemeji yangu, dada wa mama watoto, na tumesafiri nao. Jina nimempa mimi, kimoyomoyo. Wanawe, wavulana wawili na msichana mmoja, hawajapata kuonekana na mkunjo tangu wazaliwe. Akaniambia kwa upole, upole wa mwenye meno thelathini na mawili, kwamba yeye nguo zote amezipeleka kwa dobi wa meli, na nikitaka ataniombea nafasi. Nikamshukuru. Nikamwambia nina njia yangu.

Sina. Lakini usiku wenyewe ni kesho.

Ijumaa, 7 Agosti

Njia imepatikana: mvuke! Unatundika nguo bafuni, unafungulia maji ya moto, unafunga mlango, mikunjo inajiachia yenyewe. Nilisikia habari hizi kwa mteja mmoja. Saa kumi jioni nikatundika kila kitu.

Mteja yule hakutaja gundi.

Gundi ililainika kwa mvuke. Miguu miwili ya suruali ya Mwanzi ilikuwa imegusana. Ikakumbatiana. Ilipopoa ikawa mguu mmoja mpana, kama mkia wa samaki. Nikaitenganisha kwa kisu changu cha kufungulia saa, lenzi jichoni, mtoto amesimama na chupi akiniuliza kama tutachelewa. Tulichelewa.

Wakili je? Huyo ni kifungua mimba, miaka kumi na mitano, hajawahi kushindwa ubishi. Nilimchagulia gauni mwenyewe ili liwe la kushtukiza: mahameli, rangi ya damu ya mzee, maua ya dhahabu. Alilitazama kimya. Kimya cha Wakili ni kibaya kuliko hoja zake. Akalivaa kwa sababu mama yake alikuwa kitandani amechoka, na hakutaka kelele.

Tukaingia ukumbini. Mapazia ya mle, kutoka darini hadi sakafuni, ni mahameli. Rangi ya damu ya mzee. Maua ya dhahabu.

Nilijiambia hakuna atakayeona. Wakili akasimama karibu na dirisha kumsubiri bibi yake. Jua la machweo likawa linawapiga watu machoni, mhudumu akaja kuvuta pazia, akashika bega la binti yangu. Akavuta.

Maskini kijana wa watu aliomba radhi hadi akaleta vibakuli viwili vya aiskrimu. Wakili hakula hata kimoja. Kamanda alikula vyote. Yeye alikuwa amekubali kuvaa gauni jeupe kwa sharti moja tu, miwani yake ya kuogelea, na sharti likaheshimiwa.

Mpiga picha wa meli alitupiga kwenye ngazi. Wakili anatazama ukutani. Mwanzi ameshika suruali kwa mikono miwili. Kamanda anafanana na chura aliyekwenda harusini. Mimi nimefumba macho.

Mama watoto aliniuliza mambo yalikwendaje. Nikasema vizuri sana.

Jumamosi, 8 Agosti

Asubuhi Wakili ametoa ushahidi. Wote. Hoja kwa hoja, na pazia akaliigiza.

Mama watoto alicheka mpaka akashika mshono wa tumbo. Mama mkwe akaja mbio, akasema nikimuua mwanawe kwa kicheko atanishitaki. Lakini nilimwona naye akigeukia ukuta, mabega yakitikisika. Sijui lini mara ya mwisho nyumba yetu ilicheka hivyo. Nashukuru hata kwa gundi.

Halafu mama watoto akajifuta machozi ya kicheko. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Siku ile ya kupasuliwa, wakati wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, alikuwa anatafuta kichwani picha moja ambayo sote tumo, tumependeza, tumesimama pamoja. Hakuipata. Kila picha mmoja amekosekana, mara nyingi yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anapiga. Akasema Jumatatu, Usiku wa Nahodha wa mwisho, atashuka, hata kama ni kwa dakika kumi.

Nikatoka nje kwenye sitaha ya meli. Upepo uliniingia machoni. Tuseme ni upepo.

Sasa hili si jambo la kuonyeshana na Bwana Pasi tena. Wakili anahitaji gauni. Binti wa Bwana Pasi anayo matatu, nimeyahesabu. Kuomba siwezi, nina heshima zangu. Mpango: kesho kwenye chai nitamwomba Wakili avae tena lile gauni la mapazia, kisha nitalimwagia juisi ya zabibu, kwa bahati mbaya, mbele ya shemeji. Shemeji ana huruma. Ataazima mwenyewe.

Jumapili, 9 Agosti

Nimemwaga juisi. Meli iliyumba kidogo mkono ukiwa njiani. Imemwangukia Bwana Pasi. Suruali nyeupe. Yote.

Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Ndugu yangu, kama una jambo na mimi, liseme." Watu wote wakanitazama. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nimelenga mwanangu?

Wakili ameniambia kwamba alijua tangu nilipoingia na bilauri mbili na kiu hamna. Amesema pia kwamba hataki gauni la mtu, na kwamba siku moja nijaribu kumuuliza yeye anataka kuvaa nini. Nikajibu nina mengi kichwani.

Jumatatu, 10 Agosti

Bahari imechafuka tangu asubuhi. Vikombe vinatembea mezani vyenyewe. Sisi wazima, sijui kwa nini. Labda tumezoea kuyumba.

Saa kumi na moja mlango ukagongwa. Bwana Pasi. Shati nje, nywele zimesimama, soksi moja. Sijawahi kumwona na soksi moja. Wavulana wake wote wawili wametapika. Suti zao zilikuwa zimetandikwa kitandani, zimetoka kwa dobi dakika ile ile, na hapo ndipo walipochagua. Dobi amefunga. Akauliza, akitazama kizingiti, kama Mwanzi ana shati la ziada.

Nilifurahi. Naandika ukweli, hiki ni kitabu changu. Nilifurahi kwa muda wa kuhesabu moja hadi tano. Kwenye nne nikakumbuka kwamba wiki ile ya hospitali ni yeye aliyekuwa akija alfajiri kuwachukua watoto wangu kuwapeleka shule. Kila siku. Na walikuwa wakirudi wamenyooshwa nguo, wakinukia sabuni. Niliiona ile kuwa dharau. Mjinga mimi! Mtu alikuwa ananipigia pasi kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuniambia pole.

Nikafungua kabati lote. Nikamwambia, "Chukua, kaka. Chochote." Nikamwomba radhi ya juisi, nikamweleza na shabaha yenyewe. Akakaa kitandani, akacheka hadi akalia, kisha akauliza nimetumia gundi ya aina gani.

Vyumba viwili vikawa kimoja. Watoto sita, nguo kitandani kama sokoni. Mashati mawili ya Mwanzi yakawatosha wavulana wake. Suruali ya mkubwa wake, iliyopona kwa kuwa ilikuwa kwenye begi, ikamfika Mwanzi hadi kwenye viatu. Bwana Pasi akapiga magoti akampima, akashona pindo kwa mkono. Kwa uzi! Mishono midogo, sawasawa, kama meno ya gurudumu la saa. Nikamwangalia fundi kazini.

Kisha nikamuuliza Wakili anataka kuvaa nini. Nilitegemea hotuba. Akaelekeza kidole kwenye koti langu. La suti, jeusi. Akalivaa juu ya gauni lake la kawaida la kijivu, akakunja mikono mara mbili, akainua kidevu. Mama yake alikuwa anatoka bafuni na gauni la kijani ambalo leo limemtosha kwa mara ya kwanza tangu augue. Wakatazamana. Mama akamwambia, "Umekuwa mtu mzima, na hakuna aliyeniarifu."

Mlangoni mwa ukumbi nikazuiwa. Mwanamume bila koti haingii. Yule mhudumu wa pazia akanikimbilia, akanivalisha koti la akiba la wahudumu, jeupe, vifungo vya shaba. Likanikaa vizuri kuliko langu. Meza mbili zikaniomba maji. Nikawapelekea. Meza ya pili ikasifu huduma.

Picha tulipigwa kwenye ngazi, meli ikiyumba, wote tumeshikana tusianguke. Mama mkwe katikati. Kamanda na miwani yake. Bwana Pasi ana soksi moja. Mama watoto alisimama si dakika kumi, alisimama mpaka muziki ukaisha, mkono wake ndani ya wangu. Mpiga picha aliniomba mimi nisogee pembeni, wahudumu hawaingii kwenye picha za familia. Wakili akasimama kumtetea baba yake. Kesi ilichukua dakika mbili. Tulishinda.

Jumatano, 12 Agosti

Nyumbani. Picha ipo ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Kila ninapoinua lenzi jichoni naiona. Sote tumo.

Mama watoto amekwenda kununua mboga kwa miguu yake mwenyewe. Mama mkwe kapiga simu kusema mimi si mkwe mbaya. Neno "si mbaya" kutoka kwake ni medali. Bwana Pasi atakuja Jumapili kunifundisha kushona.

Nimeketi nikafikiri sana juu ya yote haya. Nimefikia uamuzi kwamba kuwavisha watoto nina kipaji. Kwa hiyo mpwa wangu alipopita asubuhi kuleta habari za harusi yake, na kulalamika kwamba hajui nani atawashughulikia watoto wanane wa msafara wa bibi harusi, nilijitolea kabla hajamaliza sentensi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aondoe shaka.

Saa sita nikapita kwenye duka linalofungwa. Viatu vyeupe, safi, vinakwisha. Nimechukua jozi nane. Saizi zote ni moja, ndiyo iliyokuwepo, lakini watoto ni watoto. Atakayepwayiwa atatiwa pamba, atakayebanwa atatembea polepole, na mwendo wa polepole ndio unaofaa harusini.

Nimezificha chini ya meza kabla mama watoto hajarudi. Nataka iwe ya kushtukiza.