Kofia ya Mlinzi wa Magofu

Jumatatu, 30 Juni

Haji Muflih anastaafu! Miaka thelathini na moja amelinda magofu ya kilima chetu. Leo asubuhi amevua kofia mbele ya wachimbaji wote, akasema magoti yamegoma. Kofia ya serikali! Kipenga cha shaba! Kiti cha kivulini! Profesa Hanneke, Mholanzi anayeongoza uchimbaji, atapeleka jina la mrithi Ijumaa.

Jina hilo ni langu. Nimemwambia Mungu, na sikuona dalili ya kupingwa.

Kikwazo ni Abu Salti, kaka wa mke wangu. Naye anaitaka kofia. Amesema dukani kwa Haji Muflih, mbele ya watu, kwamba nikiwa mlinzi mimi, kilima chote kitabebwa huku mwenyewe nimekikalia. Watu wamecheka. Nami nimecheka, kwa upole wa Kikristo. Tangu saa hiyo nimevua miwani. Mlinzi awe na macho ya mwewe.

Saa kumi nimekwenda kambini. Nikakaribishwa kahawa chungu. Sikuinywa. Nikaweka kikombe chini mbele yangu, nikakunja mikono. Hapa Madaba hata mtoto anajua maana yake: mgeni ana haja. Mwenyeji aseme, "Kunywa, umepewa," ndipo mgeni anywe. Asiposema, aibu ni ya ukoo mzima.

Mholanzi akanitazama. Nikamtazama. Inzi akatua kikombeni. Mwishowe akasema, kwa Kiarabu chake cha vitabuni, kwamba anaomba radhi, hakujua kama kahawa inanisumbua tumbo. Akaniletea chai ya nanaa. Nikanywa. Tamu!

Lakini kahawa haikunywewa. Kwa hiyo haja yangu bado iko mezani. Nimeshinda nusu.

Jumanne, 1 Julai

Abu Salti amemweleza Profesa habari za kikombe, mwanzo hadi mwisho, huku akiigiza nilivyokunja mikono. Wachimbaji wameshika mbavu. Profesa ameandika yote daftarini. Vizuri sana! Kazi ya kumfundisha nimefanyiwa bure.

Mpango wa pili. Mlinzi bora ni yule anayejua vitu vya kale viliko. Nyuma ya hema la vyungu kuna rundo la vigae walivyokwisha kuvichunguza na kuvitupa. Nimejaza mifuko yote miwili. Sikuiba. Nimehamisha. Nilipita kwa Padri Butros kumuuliza kama kuhamisha vigae ni dhambi. Akauliza kutoka wapi kwenda wapi. Nikakumbuka nina haraka.

Nyumbani nimechimba shimo chini ya mzabibu wa marehemu baba. Kina cha mkono, kisha jembe likagonga kitu kigumu, tambarare, kama sakafu. Ovyo! Nikavifukia hapo hapo juu. Kumbe vingine vina maandishi, madogo kama nyayo za sisimizi! Wameyatupa maandishi! Wazungu hawana macho. Huenda ni barua ya mfalme wa Moabu. Huenda ni ya mama yetu Ruthu mwenyewe, anawaaga jamaa kabla ya kwenda Bethlehemu. Nimevibusu vyote. Vina ladha ya vumbi.

Mke wangu, Umm Ghattas, ameuliza kwa nini nina udongo kwenye masharubu. Nimesema ni ibada.

Jumatano, 2 Julai

Nimemleta Profesa baada ya kazi. Abu Salti amejileta mwenyewe. Nikafukua polepole, nikishangaa kwa sauti. Nikainua kigae chenye maandishi, nikamwomba awasomee waliohudhuria.

Akasoma. Mraba wa tano, ndoo ya kumi na saba, mwaka jana. Akasema mwandiko ni wa mwanafunzi wake, na kwamba kalamu walinunua dukani kwa Haji Muflih.

Abu Salti akalia kwa kicheko. Akaniuliza kama Ruthu naye alinunua kalamu hapo. "Shemeji, vaa miwani! Utakuja kulinda mbuzi wa watu ukidhani ni magofu!"

Nikaingia ndani. Nikachungulia dirishani. Profesa amebaki shimoni, kapiga magoti. Akaomba maji na brashi. Akamwaga maji, akapangusa, akamwaga tena. Nadhani alikuwa ananiombea. Mwanamke mwenye moyo mwema. Alipoondoka alinisihi sana nisichimbe tena, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Huruma ni mwanzo wa upendeleo. Mambo yanakwenda vizuri.

Ijumaa, 4 Julai

Siku ya siku! Saa tano wamekuja kwangu kwa ujumbe kamili, kama wa posa. Haji Muflih mbele, Padri Butros, wazee watatu, Profesa kajifunga kitambaa kichwani. Abu Salti nyuma, mnyonge kabisa. Hivi ndivyo kofia inavyoletwa!

Umm Ghattas akaleta dele la kahawa. Nikammiminia Profesa kwa mkono wangu. Na yeye, Mungu ambariki, akaweka kikombe chini. Akakunja mikono.

Mgeni kutoka Uholanzi, desturi yetu, nyumba yangu! Padri akafungua mdomo aeleze haja. Sikumngoja. Mtu muungwana haulizi. Nikasimama nikanguruma, "Kunywa! Umepewa! Wallahi hata ingekuwa macho yangu, umepewa!"

Akanywa. Wazee wakasema amina. Ndipo Padri akaeleza haja.

Chini ya mzabibu kuna sakafu ya kanisa la zamani, mawe ya rangi madogo kama dengu, ndege na samaki, na maandishi ya kweli. Wanaomba kuchimba ua wangu miaka mitano. Mzabibu utaondoka. Tanuri la mikate litaondoka. Choo kitahamia upande wa pili.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuelewa, habari za mlinzi. Profesa akasema kwa huzuni kwamba alikwisha kuandika jina langu. Jina langu! Lakini mwenye ardhi haruhusiwi kuwa mlinzi wa vitu vilivyo kwenye ardhi yake. Kwa hiyo amefuta, ameandika Abu Salti.

Umm Ghattas akaliangalia tanuri lake, kisha akaniangalia mimi. Sitaandika alichosema. Padri alikuwepo, naye hakumpinga.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa nimekaa barazani kutafakari, na nimeona ukweli. Nimeshinda!

Nina kanisa uani. Nani mwingine ana kanisa uani? Na serikali imeniwekea mlinzi mlangoni, kama waziri. Abu Salti anafika alfajiri, anaondoka jua likizama. Leo amenipulizia kipenga nilipokuwa nakwenda kunawa, akaniamuru nizunguke kamba ya uchimbaji. Nimezunguka kwa fahari. Umm Ghattas amesema nimepoteza mzabibu, tanuri, choo na kofia, na juu ya hayo kahawa ya mlinzi anapika yeye. Maskini. Yeye haoni mbali.

Mimi naona. Nimevaa miwani.

Mwenye ardhi haruhusiwi kulinda vya kwake, ndivyo alivyosema Profesa. Sasa je, ikitokea vitu vya kale vimeonekana kwenye ua wa Abu Salti? Kofia itamvuka kichwani kwa sheria! Na itakuja kwa nani? Mtu mzoefu, mwenye kanisa lake.

Abu Salti yuko kwangu mchana kutwa, ananilinda. Kwake halindi mtu.

Nimetoka huko sasa hivi. Chini ya mtini wake nimefukia vigae, mifuko miwili. Na namba zote nimezisugua kwa siki.