Kiwanja cha Mwisho, Safu ya Magharibi

Jumanne, 8 Oktoba. Minot, Dakota Kaskazini.
Tumeondoka. Theluji bado, ila upepo umeanza kuuma masikio. Ardis, mke wangu, anataka safari ya mwaka huu iwe ya polepole: tuangalie majani yanavyogeuka rangi, tulale kwa dada yake Corinne kule Nebraska, Arizona tufike tutakapofika. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Moyoni nina langu. Kambi ya magari-nyumba ya Palo Brea, tunakokimbilia kuikwepa baridi kila mwaka, ina kiwanja kimoja tu cha maana. Cha mwisho, safu ya magharibi. Milima yote mbele yako, hakuna jirani wa kukuzibia jua. Hakiwekwi akiba, anayetangulia ndiye anayeegesha. Miaka yote anatangulia Lyle Torvik na lile gari-nyumba lake refu kama kanisa. Mwaka huu atachelewa. Mkewe, Marvel, tulimzika Agosti.

Nililia kanisani, kwa dhati kabisa. Wazo lilinijia katikati ya wimbo wa pili.

Jumatano, 9 Oktoba. Dakota Kusini.
Nimeanza kusikia mlio kwenye injini. Hakuna mlio wowote. Nikamweleza Ardis kwamba injini ya namna hii ikilia hivyo haitaki kusimamishwa-simamishwa, ni kwenda tu, kwa hiyo kwa Corinne tutapita mwakani. Ardis akazima redio, akasikiliza kwa muda mrefu. Akasema injini haina neno, labda nikapimwe masikio.

Nikakanyaga mafuta kumwonyesha. Ndipo tukasikia mlio wa kweli. Kwa haraka ya asubuhi sikulifunga turubai la kivuli la ubavuni mwa gari-nyumba letu, na upepo ukalikunjua lote. Lilitufuata kidogo kama bendera, kisha likabaki kwenye uzio wa ng'ombe wa watu. Vyuma vyake vimepinda na kuziba mlango. Tumetokea dirishani. Ardis ana miaka sabini na mmoja.

Ijumaa, 11 Oktoba. Valentine, Nebraska.
Tuko kwa Corinne. Hakukuwa na namna. Mumewe, mwanyumba wangu Wendell, anatunyooshea vyuma. Wendell hana haraka na jambo lolote duniani. Anagonga kidogo, anakunywa kahawa, anasimulia habari za fahali aliyekufa zamani. Nakaa namsikiliza huku kiwanja changu kikiniponyoka.

Jioni Lyle akapiga simu. Kumbe ameshaondoka! Yuko mji wa Pierre, Dakota Kusini, siku moja tu nyuma yetu. Akauliza tuko wapi. Alisema angependa tuongozane, maana kiti cha pembeni kikiwa kitupu barabara inakuwa ndefu sana. Nikamjibu kwamba hata nyumbani hatujatoka, goti la Ardis limevimba, asitungoje, ila aende taratibu ayaangalie majani. Akasema nimpe shemeji pole.

Ardis alikuwa pale pale jikoni anamenya matufaha ya kuokea. Amesikia yote. Aliendelea kumenya, akayamenya hata yale ambayo Corinne hakumpa.

Jumatano, 16 Oktoba. Palo Brea, Arizona.
Nimeshinda. Kiwanja ni changu. Nimeweka kiti kuielekea milima, nikavua viatu. Wapita njia wote wamesimama kunipongeza, isipokuwa wawili walioniuliza Lyle yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Ardis hajakaa nami nje hata mara moja. Anasema jua linamuumiza macho.

Kweli, Lyle yuko wapi? Kwa mwendo wake angekuwa amefika.

Jumamosi, 19 Oktoba.
Lyle amefika. Amechoka, hajanyoa ndevu. Usiku ule wa simu hakulala. Kulipokucha akageuza gari, akarudi kaskazini hadi kwetu Minot, kumpelekea Ardis supu ya kuku. Aliipika mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Nikapiga hodi," alisema, "nikazunguka nyuma. Nikadhani mmekimbizwa hospitali. Nikaenda kuwaulizia, hawawajui."

Supu akainywa mwenyewe njiani, peke yake.

Ardis akamgeukia. "Goti langu zima, shemeji. Huyu alikudanganya ili akuwahi kiwanja." Akaninyooshea kiganja. "Lete ufunguo. Tunahama."

Lyle alikitazama kile kiwanja, na milima, na kiti changu. Akamwambia auache ufunguo.

"Hapa palikuwa pa Marvel. Mimi hii milima sikuwahi hata kuipenda. Nilitaka tu nipaki karibu na nyinyi."

Nikaingia ndani, nikajifungia chooni, nikalia. Baadaye Ardis aligonga mlango. Alisema nikimaliza nitoke nikamsaidie mtu kuunga bomba lake la maji. Nikatoka, nikaliunga. Lilivuja, nikaliunga tena.

Jumatatu, 28 Oktoba.
Lyle ni jirani yetu sasa; ameegesha kiwanja kinachofuata, nasi tumebaki cha mwisho. Anakula kwetu kila jioni, na Ardis ameanza kukaa nje. Nimekuwa mtu mwingine kabisa. Nilimwambia Ardis hivyo leo wakati wa kahawa. Akaomba nimsogezee maziwa.

Jumamosi ijayo kambi ina mashindano ya kupika maharage kwa nyama, yale ya pilipili kali. Nimejiandikisha. Lyle naye kajiandikisha. Tangu msiba amegundua kwamba anapenda kupika, na mkono wake, nakiri, si mbaya. Mchana alikuja kuniuliza kwa heshima zote majaji wa hapa wanapenda nini. Nikamwambia pilipili hawaigusi kabisa. Wanachopenda ni mdalasini, atie bila ubahili.

Alinishukuru sana, akanishika bega. Mtu mwema, Lyle. Nimemwazima kijiko chetu kikubwa.